Mwanamke Ndani ya Nguzo

Alhamisi ile niliondoka Kinondoni saa moja asubuhi, na mpaka nafika Mbweni sikuwa nimepata hata neno moja la kuanzia. Maili zote zile za Barabara ya Bagamoyo nilikuwa natunga maneno juu ya baiskeli, nayatamka kwa sauti, nayafuta, natunga mengine. Karibu na Kunduchi mama mmoja aliyejitwika kuni alinisikia nikisema peke yangu, "Mzee, nisamehe, mimi ni mwongo." Akanijibu, "Mungu akusamehe, baba," akaendelea na safari yake. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zaidi, maana hata mtu nisiyemjua alikuwa ameshanijua.

Naitwa Revelian. Mwaka ule wa hamsini na mbili nilikuwa na miaka ishirini na sita, Mhaya wa Kamachumu niliyekuja mjini kutafuta maisha, na nilikuwa fundi msaidizi katika studio ya picha ya Mgoa mmoja aitwaye Bwana Albano. Nilijiona mtu. Nilikuwa na suruali mbili za kaki zenye mkunjo wa pasi wa kukata nyanya, saa ya mkononi ambayo haikuwa ikienda, na sifa ya kuwa fundi asiyeharibu bamba la picha. Hiyo sifa ndiyo iliyoniponza.

Kisa chenyewe kilianza wiki sita nyuma. Mwalimu mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akiandika kitabu cha majengo ya zamani ya pwani, alitaka picha za msikiti wa kale wa Mbweni na kaburi la Shehe Kombo lililo ubavuni mwake. Kaburi lile lilikuwa na nguzo ya mawe ndefu kuliko wanaume wawili, imepakwa chokaa, na usoni pake zimepachikwa bakuli za kaure, nyeupe na samawati. Watu walikuwa wakija kulizuru toka Bagamoyo na hata toka Unguja. Bwana Albano alikuwa anaumwa miguu, akanikabidhi kamera yake ya zamani, ile ya mabamba ya kioo, akanituma mimi.

Aliyekuwa akipatunza pale ni Mzee Marijani, mtu mwembamba, mpole, aliyeshika ufunguo wa msikiti kwa miaka thelathini kama baba yake kabla yake. Hakuniruhusu hata kufungua miguu ya kamera kabla hajanikalisha mkekani na kunisimulia habari yote. Alisema mtu hapigi picha ya kitu asichokijua.

"Shehe Kombo alikuwa mwalimu," aliniambia. "Hakuwa sultani, wala hakuwa na majini. Alisomesha watoto Kurani, na wasio na kwao walikula kwake. Alipokaribia kufa akausia mambo mawili. Msinijengee, na msije kuniomba. Msiniombe mie, niombeeni. Wanafunzi wake wakakaidi lile la kwanza, wakamjengea hii nguzo, wakapachika bakuli zile zile walizokuwa wakilia chakula nyumbani kwake. Lakini la pili wakalishika, na sie tunalishika mpaka leo. Anayekuja hapa anamwombea shehe. Hamwombi."

Niliandika yote katika daftari. Nilipoinua macho, binti yake alikuwa ananiwekea kata ya maji.

Huyo ndiye Mwanabaraka. Sitasema alikuwa mzuri namna gani, kwa sababu kila nikianza nahisi joto la aibu masikioni. Nitasema tu kwamba siku ya pili, nilipotoa kichwa chini ya kile kitambaa cheusi cha kamera, nilimkuta amesimama mlangoni ananitazama.

"Fundi, ukijifunika humo unafanya nini? Unalala?"

"Natazama."

"Unaona nini?"

"Kila kitu. Ila kinaonekana kichwa chini miguu juu."

"Basi hata mie umeniona kichwa chini?"

"Wewe sijakuona bado," nikasema.

Akacheka, akaingia ndani. Njia yote ya kurudi Kinondoni nilikuwa naimba, nami si mwimbaji.

Siku ya tatu nilikuwa nimekwisha piga nguzo ikiwa peke yake, na Mzee Marijani alikuwa ameingia kuswali adhuhuri. Mwanabaraka akaja kuchukua kata. Nikamwambia nahitaji mtu wa kusimama kando ya nguzo, ili wasomaji wa kitabu wajue kimo chake. Ni kawaida ya kazi yetu, sikudanganya. Ila ningeweza kumngoja mzee amalize kuswali nimsimamishe yeye. Mwanabaraka alitazama huku na huku, akasimama mbele ya nguzo. Upepo ukaishusha kanga yake toka kichwani mpaka mabegani. Badala ya kuipandisha akacheka, nami nikapiga.

Sasa, kasha la mabamba lina pande mbili, kila upande na bamba lake. Ukishapiga upande mmoja unaligeuza, unapiga upande wa pili. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo. Mimi, fundi asiyeharibu bamba, niliusikia mcheko ule nikasahau kugeuza. Nguzo na msichana vikaingia katika kioo kimoja.

Nilipolisafisha lile bamba katika chumba cha giza, nilimkuta Mwanabaraka ndani ya nguzo. Mawe yalionekana kupitia kifuani pake, bakuli moja ilikuwa begani, na miguu yake ilikuwa imemezwa na mwanga wa mchanga mpaka haikuwapo kabisa. Ningelivunja pale pale. Sikulivunja kwa sababu alikuwa anacheka, na mcheko ule ulikuwa wangu. Nikalificha nyuma ya chupa za dawa, na kesho yake Bwana Albano akalikuta.

"Revelian, hii nini?"

"Sijui, bwana. Mimi nilipiga nguzo tu."

"Hukupiga mara mbili juu ya bamba moja?"

"Mimi? Hapana, bwana."

Baadaye nilijiambia kwamba nilisema vile kumstiri Mwanabaraka. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Ukweli ni kwamba niliona aibu ya kazi, kwa sababu nilikwisha wacheka wenzangu kwa kosa lile lile. Bwana Albano alinitazama, akalitazama bamba, akatengeneza picha kubwa na kuiweka dirishani. Kabla ya wiki kwisha, watu walikuwa wanasimama barabarani kuitazama. Jini wa Mbweni, walisema. Hana miguu, tazama mwenyewe. Nakala zikaenda Temeke, zikaenda Kinondoni mpaka nyumba niliyopanga, mwenye nyumba wangu akaitundika sebuleni juu ya kitanda cha kamba. Wanawake wakaanza kwenda Mbweni kuomba watoto. Walikwangua chokaa ya nguzo kwa visu na kucha, wakaichanganya na maji wakanywa. Nikasikia bakuli moja imebanduliwa na haijulikani ilikokwenda. Mwezi mzima nilisikia yote hayo, nikala, nikalala, nikanyamaza.

Halafu mchuuzi wa nazi akaniletea salamu pale studio. "Binti Marijani anasema uje Alhamisi. Anasema ukija Ijumaa, utakuwa umechelewa."

Ndiyo maana nilikuwa juu ya baiskeli.

Nilizunguka nyuma ya nyumba, kama watu wasio na uso wanavyozunguka. Uani alikuwapo Bi Zuena, dada yake Mzee Marijani, amenyoosha miguu mkekani anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akanipima toka juu hadi chini. Halafu akaita kuelekea jikoni, "Mwana! Mpiga majini kaja!"

Mwanabaraka alitoka akiwa amejifunika kanga mpaka kidevuni. Alikuwa amekonda. Nilipopiga hatua kumwendea aliinua kiganja.

"Simama hapo hapo. Shangazi yupo, na mie nataka kusema bila kupiga kelele."

"Mwana, mimi naomba uni..."

"Ngoja kwanza. Unajua baba anasemaje juu ya ile picha yako?"

"Nasikia watu wanasema jini."

"Watu ndio wanasema jini. Baba hasemi jini. Baba anasema mama."

Sikumwelewa. Nadhani ilionekana usoni, maana alishusha pumzi akasema taratibu zaidi, kama anayemweleza mgonjwa.

"Mama yangu alikufa nikiwa na miaka mitano. Kazikwa pale, nje ya ukuta wa msikiti. Kila mtu hapa huniambia nimemchukua sura, mie nacheka tu. Mtu mmoja akaleta ile picha toka mjini. Baba akaitazama, akakaa chini. Kakaa mchangani, Revelian, na kanzu yake ya Ijumaa. Tangu siku hiyo analala nayo. Alfajiri namsikia anaiamkia. 'Umeamkaje, mama Mwana?' Halafu ananyamaza kidogo, anasikiliza."

 Nilishika nguzo ya jiko.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba, baba, wewe ukiwa unaswali, mie nilikuwa nje, kichwa wazi, namchekea mwanamume? Hata hivyo siku ya kwanza nilitaka kumwambia. Nikaenda nikamkuta anatabasamu. Mie sijawahi kumwona baba yangu anatabasamu peke yake. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikafika, nikasema kesho."

"Hata mimi ilikuwa hivyo hivyo, Mwana. Kila siku nilisema..."

"Usijifananishe na mie." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini hayakudondoka. "Mie niliogopa kumuumiza baba yangu. Wewe uliogopa nini?"

 Niliogopa kuitwa fundi mbovu. Ukisema hivyo mbele ya msichana unayempenda, ni heri upigwe kofi.

"Wazee wa mjini wamekasirika," akaendelea. "Wanasema baba kageuza kaburi kuwa mahali pa ushirikina. Kesho baada ya swala ya Ijumaa wanakuja. Na baba mwenyewe kasema atashika msahafu mbele yao, aape kwamba picha ile haina mkono wa mtu. Ataapa, Revelian. Ataapa kwa moyo mweupe kabisa, kiapo cha uongo, mlangoni mwa msikiti aliotunza maisha yake yote. Na sie wawili tunajua."

"Nakwenda kumwambia sasa hivi. Nitasema ni kosa la bamba. Wewe sitakutaja."

"Atakuuliza huyo mwanamke ni nani."

"Nitasema ni mteja wa mjini."

Alinitazama. Siku zile tatu za kwanza alikuwa akinitazama nikajisikia mrefu. Sasa nilijisikia kama nguo iliyoanguka toka kambani ikakanyagwa.

"Umekuja na uongo mpya kuondoa uongo wa zamani," alisema. "Na unajua kinachoniuma? Siku ile pale nguzoni nilifurahi. Nilijua vizuri kanga imeanguka. Niliiacha makusudi, kwa sababu ni wewe."

Nilisogea hatua moja. Bi Zuena akakohoa.

"Mkishamaliza kupanga la kusema," alisema bila kuinua macho toka kwenye ukili, "kaka yangu yupo barazani na kahawa inapoa."

Mzee Marijani aliponiona aliinuka. Hilo tu lilitosha kunimaliza, mzee kama yule kuniinukia mimi. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Fundi! Mgeni wangu! Nilikuwa nasema nitakuja mjini nikutafute nikushukuru."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Kaa. Kunywa kahawa."

Akanimiminia mwenyewe. Kisha akatoa picha, ameifunga katika kitambaa cha kijani, akaifungua kwa uangalifu juu ya mapaja yake.

"Tazama anavyoinamisha kichwa. Upande huu, siku zote upande huu. Na mcheko. Fundi, nilikuwa nimeusahau mcheko wake. Miaka kumi na tano. Sura ilibaki, sauti ilibaki kidogo, mcheko ukapotea. Nilikuwa nalala nikiutafuta. Wewe hujaoa, hujui inavyouma. Halafu Mungu akakuleta wewe na kamera yako."

"Mzee," nikasema, "watu wanakwangua nguzo. Na Shehe Kombo aliusia asiombwe. Uliniambia wewe mwenyewe."

Tabasamu likamtoka usoni. "Nawaona. Kila mmoja akikwangua nasema nitainuka nimkataze. Halafu najiuliza, mie nimeletewa mtu wangu, wao nawakataza kwa uso gani?"

 Nikakiweka kikombe chini.

"Mzee, ile picha ni kosa langu."

Nilimweleza. Nilichora mchangani kwa kidole, kasha na pande zake mbili, nikamwonyesha jinsi kasha linavyogeuzwa na jinsi mimi nilivyosahau kuligeuza. Nilisema nilimficha tajiri wangu, Bwana Albano, nikamficha na yeye mzee, mwezi mzima. 

"Kwa hiyo huyu mwanamke alisimama mbele ya kamera," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo, mzee."

"Ni mtu hai."

"Ndiyo."

"Ni nani?"

Nyuma ya pazia la mlango nilisikia mkufu ukigonga fremu. Mwanabaraka alikuwa pale, anasikia.

"Ni mteja," nikasema. "Wa mjini. Bamba lilikuwa na picha yake tangu studio."

"Jina lake?"

"Silijui, mzee."

"Mke wangu ana pacha mjini asiye na jina." Hakusema kwa ukali. Alinisogelea kidogo, macho yake yakiwa mekundu. "Kesho mie naapa mbele ya watu. Kwa hiyo leo niapie wewe. Wewe ni Mkristo, apa kwa Mungu wako. Sema mwanamke huyu humjui, nami nitakuamini, nitakwenda niwaambie wale wazee nilikosea."

Sitawaficha. Nilikuwa naapa. Mkono ulikuwa umekwisha inuka, na maneno yalikuwa yamekwisha pangwa. Nilikuwa nikijiambia kwamba huo ndio upendo.

Pazia likafunguka.

"Asiape," alisema Mwanabaraka. "Ni mie, baba."

Alitoka akasimama kati yetu. Mkono wangu nikaushusha, nikaukalia. Mzee Marijani alimtazama binti yake, akaitazama picha, akamtazama tena. Alifanya hivyo mara nyingi.

"Mie nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unaswali adhuhuri."

"Na kanga yako?"

"Upepo, baba. Halafu nikaiacha."

Kuku wawili walipita barazani na hakuna aliyewafukuza. Mzee alilowesha midomo.

"Kwa hiyo mama yako hakuja."

"Hakuja, baba."

Alianza kuifunga picha katika kitambaa. Akakosea kukunja, akaanza upya, akakosea tena. Mwisho akanipa ikiwa wazi.

"Chukua."

"Mzee, ukipenda unaweza kubaki nayo."

"Nibaki nayo nitazame nini? Mpaka asubuhi hii nilikuwa namwona mke wangu. Sasa namwona mwanangu anamchekea mtu." Akainuka, akashika ukuta. "Kesho baada ya swala uwepo nje ya msikiti, na hilo bamba lako. Utawaeleza watu kazi ulivyoiharibu. Hiyo aibu ni yako. Ya mwanangu usiiguse, huyo nitamsemea mie."

Nilitaka kumwambia hapo hapo kwamba nampenda binti yake. Neno lilifika mdomoni, nikaona litasikika kama kisingizio, nikalimeza. Mwanabaraka alikuwa ameugeukia ukuta. Niliondoka kwa njia ile ile ya nyuma.

Jioni nilimwambia Bwana Albano ukweli. Hakunifukuza. Alikwenda dirishani kwa miguu yake ile mibovu, akaiondoa picha mwenyewe, akanipa bamba bila kunitazama.

Ijumaa walikuwa wamekusanyika wanaume kama arobaini chini ya ukuta wa msikiti, wazee wa mjini wamekaa mbele. Nilisimama nikaliinua bamba juani walione. Nilieleza. Sauti ilinikatika mara mbili, na watu wakacheka.

"Fundi gani wewe!" mmoja akasema.

"Fundi mbovu," nikajibu, na nilimaanisha.

"Na mwanamke?" akauliza mwingine kutoka nyuma. "Mwanamke ni nani?"

Mzee Marijani alisimama. Alikuwa amevaa kanzu safi, na ufunguo wa msikiti ulikuwa mkononi.

"Ni binti yangu," alisema. "Fundi alihitaji mtu wa kipimo, akasimama. Mwenye neno juu ya binti yangu aniambie mie, sasa hivi, hapa."

Aliyeuliza akainamisha kichwa.

"Haya. Sasa kuna neno juu yangu, nami nitalisema kabla nyie hamjalisema. Baba yangu aliniachia mahali hapa na wasia mmoja tu. Miaka thelathini nimewaambia wageni, huyu haombwi, huombewa. Na mwezi huu mzima nimeamka alfajiri nikaiomba picha. Nilimwomba mke wangu anisamehe, kwa sababu siku aliyokufa nilikuwa safarini. Nilimwomba yeye, sikumwomba Mungu." Akauhamishia ufunguo mkono wa pili. "Msidhani nilidanganywa na kijana huyu. Tangu siku ya kwanza moyoni nilijua kwamba wafu hawaji kwa mpiga picha. Nilijua. Nilitaka tu."

Akainama akauweka ufunguo mkekani mbele ya wazee. Ulikaa pale muda ambao nilihisi ni mrefu kuliko swala yenyewe. Halafu mmoja wao, mzee sana, mwenye fimbo, akausukuma kwa ncha za vidole ukarudi kwa Mzee Marijani. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakampa mkono, wakaondoka.

Nilimkuta Mzee Marijani kaburini. Amekunja kanzu kiunoni, pembeni pana ndoo ya chokaa, anapaka mahali palipokwanguliwa. Nilisimama nyuma yake mpaka nikachoka kujionea huruma.

"Mzee, nampenda binti yako. Nilipaswa kuja kukwambia hivyo kabla sijampiga picha yoyote."

"Ulipaswa," alisema bila kugeuka. "Na mie ningekukatalia. Wewe ni Mkristo, na ni mtu wa bara, sikujui kwenu. Ungerudi, ningekukatalia tena. Mara ya tatu ungeleta wazee wako, pengine tungekaa tukasikilizana. Ndivyo watu wanavyofanya."

"Basi naomba nianze leo. Nikatalie."

Hapo akageuka. Chokaa ilikuwa imemrukia ndevuni.

"Nikukatalie nani? Mwanabaraka hayupo. Kaondoka alfajiri na Zuena, wamekwenda Bagamoyo kwa jamaa zetu."

"Umemfukuza?" Sikuamini ni mimi niliyeuliza kwa sauti ile.

"Mtu anamfukuza mwanawe? Kaomba mwenyewe. Jana jioni kaniletea maji barazani. Baadaye kaniletea taa. Kila akija namtazama. Ile mara ya pili kasimama na taa yake, kaniuliza, 'Baba, unanitazama mie, au unamtafuta mama?'"

"Ukamjibu nini?"

Mzee Marijani alichota chokaa kwa kiganja, akaipaka juu ya jiwe, akailainisha, akaendelea kuilainisha hata ilipokuwa imekwisha lainika.

"Sikumjibu," alisema. "Ndiyo maana kaondoka."